Ndoto Isiyo na Kamati

Mwaka 1940 kijana mmoja wa Los Angeles, John Goddard, akiwa na umri wa miaka 15, aliketi akaandika mambo 127 aliyotaka kuyatimiza maishani. Aliandika mito ya kusafiri, milima ya kupanda, vitabu vya kusoma, lugha za kujifunza. Mlima Kilimanjaro ulikuwemo, na alikuja akaupanda. Kufikia mwaka 1951 yeye na wenzake wawili walikuwa wameshaufuata mto Nile kwa mitumbwi midogo, kutoka kwenye chanzo chake hadi Mediterania. Alipofariki mwaka 2013 alikuwa amepiga tiki zaidi ya mia. La kwenda mwezini ni mojawapo ya yaliyomshinda.

Kinachonishughulisha katika habari hii ni huo mlima. Watu wa Moshi wanauona kila mawingu yakifunguka. Sisi wa Dar es Salaam tunauona kwenye chupa ya maji na kwenye chupa ya bia. Na wengi wetu hatujafika hata geti la Marangu. Ukiuliza utaambiwa mlima upo, hauendi popote, ipo siku. Wenyeji wanaoupanda kila mara ni waongozaji na wagumu, wale wanaobeba mizigo ya wageni, nao wanapanda kwa sababu ndiyo kazi iliyowaajiri.

Kutamani tunatamani sana. Muulize dereva wa daladala kwenye foleni ya Ubungo, au mama anayeuza chapati, atakutajia jambo lake moja au mawili bila kufikiri: kuiona Makka, kupanda ndege, kurudi shule, kumjengea mama yake choo cha ndani. Ila hatuandiki. Na sababu yake naielewa. Ukimwambia mtu mzima wa kwetu kwamba umekaa unaandika mambo ya kufanya kabla hujafa, atakuuliza unaumwa nini. Usijichurie, mwanangu. Mtu anayelipa madeni yote ghafla na kuzunguka kuwaona ndugu wa mbali bila sababu, akifa ndiyo husemwa matangani kuwa marehemu alikuwa anaaga. Kuna na habari ya kijicho: jambo likitamkwa kabla halijaiva, linaangaliwa sana, halafu linakufa. Basi mtu anakaa nalo kifuani mpaka anasahau kwamba alikuwa nalo.

Lakini ile hoja kwamba sisi si watu wa mipango siikubali hata kidogo. Anayeisema hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Kikao cha kwanza kinafanyika Jumapili jioni, watu wanane, soda na karanga mezani. Anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mhazini. Bajeti inasomwa mstari kwa mstari: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, muziki, picha za mnato na za video, keki, gari la maharusi, na mwisho kabisa fungu la dharura ambalo kila mtu anajua litaliwa na vinywaji. Ahadi zinaandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtu ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake na kiasi chini ya la mwenzake, anairudisha. Mbele ya jina kunakuja neno "ahadi", baadaye "kapunguza", baadaye alama ya tiki ya kijani. Katibu hana aibu. Anapiga simu saa mbili usiku. Miezi mitatu baadaye watu wa mshahara wa kawaida wamekusanya mamilioni, wageni mia tatu wamekula, na hesabu inafungwa kwenye kikao cha kuvunja kamati.

Sasa mchukue mhazini wa kamati ile, mama anayejua bei ya sahani moja katika kumbi sita za Sinza bila kufungua daftari. Tangu akiwa binti anataka kujifunza kuogelea. Bahari iko kilomita chache kutoka kwake. Hajui kuogelea mpaka leo.

Ujuzi anao, tumeshauona. Kinachomkosesha ni kwamba harusi ina tarehe iliyochapwa kwenye kadi, ina fedha inayokaa mkononi mwa mtu mwingine, na ina watu wanaopiga simu kuuliza imefikia wapi. Hamu yake ya kuogelea haina hata kimojawapo. Nikiziangalia zana zote za mipango tunazouziwa, za karatasi na za kwenye simu, hivyo vitatu ndivyo ninavyovitafuta, na kwa kawaida nakikuta kimoja tu.

Kalenda ya Google inakupa tarehe. Trello na Notion zitakupangia ndoto zako kwenye visanduku vya rangi, hiki cha "nitafanya", hiki cha "nafanya", hiki cha "nimefanya". Ni vitu vizuri, navitumia kazini. Ila vimetengenezwa na watu ambao Jumamosi yao ni yao. Ya kwetu ina wenyewe. Asubuhi kuna msiba Mbagala, mchana kipaimara cha mtoto wa jirani, usiku harusi ambayo mchango wake ulishatoa, na usipokwenda utaonekana umejitenga. Simu inakupigia kengele kwamba leo ni siku ya kuogelea, nawe unaizima ukiwa umevaa kanzu au kitenge cha sare. Mpango wa mtu wa hapa usiokuwa na mstari wa misiba na michango umeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa upande wa fedha, zana zetu za mtaani zinanishawishi zaidi. Kiangalie kibubu kinachotengenezwa na mafundi seremala siku hizi. Ni kisanduku cha mbao nyepesi, kimepigwa misumari pande zote, hakina bawaba wala kufuli, kina tundu jembamba la kupitishia noti iliyokunjwa. Usoni kimebandikwa karatasi yenye vyumba vingi, kila chumba na namba yake: 1,000, 2,000, 5,000, 10,000. Chini kuna jumla, tuseme milioni moja. Ukitumbukiza elfu tano unakata chumba kimoja cha elfu tano kwa kalamu. Watoto wanaona vyumba vilivyobaki. Kukifungua ni kukivunja, na mlio wa nyundo unasikika mpaka kwa jirani. Lakini faida yake kubwa naiona kwingine: shemeji akipiga simu kuomba, unaweza kumwambia huna, na ukawa hujasema uongo mkubwa.

Tofali ni ndugu yake kibubu. Wengi wanashangaa kwa nini mtu ananunua tofali hamsini, anaziweka kiwanjani Chanika zinaota nyasi, badala ya kuweka fedha benki mpaka zitoshe. Jibu ni kwamba hakuna anayekuja kukukopa tofali kwenda kulipia ada. Fedha taslimu ina wadai hata kabla hujaishika, tofali halina. Jambo hili hatuliandiki kwenye vitabu vya uchumi, lakini nyumba nyingi za pembezoni mwa miji yetu zimesimama kwa akili hiyo.

Halafu kuna kikoba. Mfumo huu wa kuweka hisa na kukopeshana kijijini unatokana na kazi iliyoanza Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake, na uliposambaa ulisambaa pamoja na sanduku lake la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa wa nne. Hapo una fedha mkononi mwa mwingine, na una watu wa kukuuliza kila wiki, tena kwa faini ukichelewa. Kasoro yake kwa mwenye ndoto ni majira. Vikoba vingi huvunja mzunguko Desemba. Mgao unatoka, Krismasi inakula sehemu yake, kisha Januari inakuja na ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba. Ndoto iliyowekewa fedha ya Desemba haifiki Februari. Kama kikundi chenu kiko tayari kusikiliza, ombeni mzunguko uishie Juni. Nimeviona vikundi vilivyofanya hivyo, na mazungumzo ya siku ya mgao yanakuwa mengine kabisa. Watu wanataja safari.

Muda nao una hesabu yake. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka. Ukitoa wiki mbili za kwenda kijijini, ukatoa siku za kuuguza na kuzika, zinabaki chache sana, na ndizo orodha yako yote inazozigombania. Tena tunajidanganya kuhusu muda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandika udhaifu huu mwaka 1979. Watafiti waliowafuata, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanamalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wakasema kama 34. Wakaulizwa, je, mambo yakiharibika kabisa? Wakasema kama 49. Wakaja kutumia zaidi ya 55 kwa wastani. Yaani hata ubaya wa kukisia ulikuwa mzuri kuliko hali halisi. Mwenye msingi wa nyumba Goba anaweza kuwafundisha somo hili maprofesa bila kutazama karatasi.

Dawa ninayoijua ni kuhesabu kinyumenyume. Nirudi kwenye ule mlima. Njia ya Marangu ina mabanda ya kulala, kwa hiyo huhitaji hema. Unatoka getini unalala Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, mita 3,720. Mwenye busara analala Horombo usiku wa pili ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kisha Kibo, mita 4,720, na usiku wa manane unaanza kupanda kuelekea Gilman's Point, halafu Uhuru, mita 5,895. Ukijumlisha na kushuka ni siku sita, na safari ya basi kwenda na kurudi inafanya nane. Masika hupandi, kwa hiyo Machi hadi Mei zimefutika. Ukichagua Septemba, likizo unaiomba Juni. Mazoezi ya kutembea yanaanza Mei, na viatu vinanunuliwa mapema ili vilegee mguuni. Makoti mazito na mifuko ya kulalia vinakodishwa Moshi. Kibubu kinaanza mwaka mmoja kabla. Ukiandika hivyo, lile jambo la "ipo siku" linageuka kuwa swali dogo la kuchosha: Jumamosi hii nakwenda kutembea Pugu, au siendi?

Na wapo waliokwisha kulitafutia kamati. Kila mwaka karibu na tarehe 9 Desemba vikundi vya Watanzania hupanda kwa pamoja kuadhimisha Uhuru, kwa kumbukumbu ya usiku ule wa 1961 Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na mwenge kileleni. Tarehe haisogei, kikundi kipo, mtu wa kukupigia simu yupo. Wengi waliofika juu miongoni mwa ninaowafahamu walifika kwa mlango huo, wala si kwa sababu wana mapafu makubwa kuliko wengine.

Pwani tulikuwa na mpango wa namna hii kabla ya daftari lolote la kuchapwa kiwandani. Hija ni jambo la mara moja maishani kwa mwenye uwezo, na masharti yake yanafundishwa madrasa. Lipa madeni. Waachie unaowalisha cha kuwatosha mpaka urudi. Rudisha amana za watu. Andika wasia. Zunguka kwa majirani uombe radhi. Ndipo uhesabu nauli. Tarehe huipangi wewe. Mwezi wa Hija unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya ofisini, kwa hiyo miaka mingine unaangukia joto kali, mingine baridi kidogo, na mwenye magoti mabovu anapaswa kulifikiria hilo miaka kadhaa mbele. Malaysia waliunda mfuko maalumu mwaka 1963 wa kuwawezesha watu wa kawaida kuweka akiba ya Hija kidogo kidogo. Kwetu wazee waliuza karafuu na nazi, wakaweka, wakavunja wakaoza mtoto, wakaanza tena.

Angalia mpangilio wa ile orodha ya masharti ya Hija. Mistari ya kwanza ni ya watu wanaobaki. Wauzaji wa daftari za malengo wangesema hivyo ni vikwazo. Mimi naona ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote, kwa sababu inazikabili kwanza zile simu ambazo zingekufuata njiani. Mtu aliyeacha unga na kodi ya miezi miwili nyumbani hapigiwi simu akiwa Horombo. Na mtu aliyewaambia nduguze mapema, kwa upole, kwamba mwaka huu mchango wangu ni huu na hauzidi, anakuwa amekata mzizi wa lawama kabla haijachipua. Inahitaji uso mkavu kidogo. Lakini naona hata wanaolalamika siku ya kwanza huzoea.

Yako mambo ambayo mpango hauyafikii. Kimani Maruge, mkulima wa Kenya aliyepigana katika Mau Mau, alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisomewe na wengine. Angeweza kulipangia jambo hilo miaka hamsini na lisisogee, kwa sababu shule ilikuwa na ada. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ikafuta ada ya shule za msingi. Januari 2004, akiwa na miaka 84, Maruge alifika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa kaptura ya sare na soksi ndefu, akaanza darasa la kwanza na watoto wa rika la vitukuu. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kuisemea elimu ya bure. Vurugu za baada ya uchaguzi mwishoni mwa 2007 zilimtoa kwake zikampeleka kambini, na bado aliendelea na shule. Alifariki mwaka 2009. Mlango ulifunguliwa na serikali, lakini alipousikia umefunguka hakuhitaji kufikiri anataka nini. Sare alishaijua. Kwa hilo peke yake naona kuandika kuna faida: siku ada ikifutwa, au nauli ikishuka, au mgeni akija na gari lenye nafasi moja, unajua la kusema.

Sasa umwambie nani? Hapa yule mtu mzima wetu anayeogopa uchuro na kijicho anapata mtetezi asiyemtegemea. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 uliohusu, miongoni mwa wengine, wanafunzi wa sheria. Waliotangaza nia yao na ikatambuliwa na mwingine walifanya juhudi ndogo kuliko waliokaa nayo kimya. Sifa ya kusema inampa mtu ladha ya kuwa amekwisha kufanya. Picha ya viatu vipya vya mlima uliyoiweka Instagram Januari, ikapata mioyo mia mbili, imeshakupandisha nusu ya mlima bila kutoka sebuleni. Kwa hiyo kunyamaza kuna maana. Ila kunyamaza kabisa nako ndiko kulikotufikisha hapa. Kamati ya harusi haitangazii mji. Inajua watu wanane, na mmoja wao ana wajibu wa kuuliza. Mtafute huyo mmoja. Asiwe mtu wa kukusifu. Awe katibu: mtu wa saa mbili usiku, anayeuliza umeweka shilingi ngapi na asiyeridhika na inshallah isiyo na tarehe.

Na ukishampata, mpe ruhusa ya kufuta. Mambo mengi kwenye orodha zetu ni ya watu wengine, tumeyaokota kwenye simu zao. Kuruka kutoka kwenye ndege, kula chakula cha jioni chini ya mnara wa Paris. Ukiliwekea jambo hesabu ya kinyumenyume na ukaona hutaki kuanza hata lile dogo la Jumamosi hii, lifute bila kinyongo. Goddard alikuwa na mambo 127 na nafasi ya kuyafanya. Mwenye siku 28 za likizo na wazazi wawili kijijini, matatu yanamtosha kwa miaka kumi.

Hao wazazi ndio ninaotaka kumalizia nao, maana wao hawataandika kamwe. Wamechangia harusi zote, wamezika, wamesomesha, na ukiwauliza wanataka nini watasema wanataka uzima. Uliza mara ya pili. Mara nyingi ni jambo dogo kwa namna inayotia haya: kuiona bahari, kulala Ngorongoro usiku mmoja, kupanda hii treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 ambayo wanaisikia redioni tu. Tiketi inakatwa mtandaoni kwa dakika chache, na kitambulisho cha mama yako unajua kinakaa kabati gani. Mkatie mwezi huu, kabla ya Desemba.